Wacha Kulipia Kodi Picha Zako Mwenyewe

Wasee, tuambiane ukweli. Picha zako zote ziko kwa nyumba ya mtu mwingine na wewe ni mpangaji tu. Siku mwenye nyumba akiamua, anabadilisha kufuli. Na hapa hakuna mlinzi wa ploti wa kubembeleza akuongezee siku mbili.

Mnapenda kusema "iko kwa klaudi" kama vile iko mbinguni na malaika. Klaudi ni kompyuta ya mtu, kwa jengo la mtu, na masharti ni yake. Mnakumbuka Google Photos? Watu walizoea kupakia picha bila kikomo, halafu tarehe 1 Juni 2021 raha ikaisha. Sasa unapewa GB 15 za bure, na hizo ugawe kati ya picha, Drive na barua pepe. Zikijaa, hata barua pepe haziingii. Ukikaa miaka miwili bila kugusa akaunti, wanaweza kuifuta. MySpace nao walikiri mwaka 2019 kwamba nyimbo watu walipakia toka 2003 hadi 2015 zilipotea wakihamisha seva. Kama wewe ni msanii na masta zako ziko kwa akaunti moja, hebu kaa na hiyo kidogo.

Halafu kuna hii ya bando. Unashuti video kwa simu, unataka kuieditia kwa lapi iliyo hapo tu mezani. Unafanya nini? Unapakia juu, unapakua tena chini. Bando imelika mara mbili! Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikawa mwendo wa kobe, kuna watu walikuwa wanangoja faili izunguke dunia ndio itoke mfukoni ifike mezani. Manze, hiyo ni akili?

Msimamo wangu ni huu: kama kuna lapi ya zamani inakula vumbi kwenu, unafaa kuwa na seva yako. Seva ni kompyuta inayokaa ikiwaka na kuhudumia zingine. Basi.

Mimi natumia Syncthing. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na haikuulizi barua pepe wala nambari ya simu. Unaiweka kwa lapi na kwa simu (ya Android, iPhone itakusumbua), vifaa vinatambuana kwa kuskani kodi, unachagua folda. Ukipiga picha, inajipeleka. Faili zinasafiri zikiwa zimefungwa kwa siri, na vifaa vikiwa kwa wifi moja haziendi ng'ambo kwanza. Hata kama wifi haijalipwa mwezi huu, ruta ikiwaka, simu na lapi zinaongea. Bando sufuri.

Najua mtasema nini. "Stima je?" Lapi ina betri, na Syncthing haihitaji kuwaka saa 24. Ukiiwasha jioni inaendelea pale iliachia. Lapi ya wati 20 ikiwaka saa kumi kila siku inakula yuniti 6 kwa mwezi. Piga hesabu na tokeni zenu.

"Na mwizi akiibeba?" Swali poa. Funga diski kwa nenosiri, halafu weka nakala nyingine kwa hadi diski nje ya hiyo nyumba, hata kwa shosh. Na hapa sikilizeni vizuri: kusawazisha si kuhifadhi. Ukifuta picha kwa simu, inafutika pia kwa lapi. Kwa hivyo washa ile sehemu ya kuweka matoleo ya zamani kwa lapi, siku ya kwanza kabisa.

"Hiyo ni ya watu wa kompyuta." Wewe ndiye huyo huyo ulirekebisha TV ya jirani kwa kutazama video za YouTube. Jioni moja inatosha.

Sisemi ufute kila akaunti leo. Tumia hizo kampuni vile unatumia matatu: inakufikisha, lakini huachi cheti cha kuzaliwa ndani. Shida yangu ni kizazi chetu kujisifu tunajua teknolojia, na hatuwezi kusema picha ya mwisho ya guka iko kwa kompyuta gani. Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na ni poa, lakini sheria haitakurudishia faili ambayo hukuwa na nakala yake.

Wikendi hii toa hiyo lapi chini ya kitanda. Anza na folda moja tu, ile ya picha. Ukishaona picha imetoka kwa simu ikafika yenyewe bila bando na bila kuomba mtu ruhusa, utajua mbona nimepiga kelele hivi.