Kiwanda Kikijisafisha kwa Hiari, Nani Atashika Hesabu?



Kuna neno ambalo waajiri wa nchi nyingi hupenda kulisema, nalo ni tamu masikioni. Husema ya kwamba sheria za moshi na maji machafu zimekuwa nyingi mno, kila mwezi karatasi, kila mara mkaguzi langoni. Basi kiwanda kitakachopunguza uchafu wake kwa hiari, kupita kiasi kinachotakiwa na sheria, kilegezewe mzigo. Kisihangaishwe sawasawa na kile cha jirani ambacho hakijali kitu. Siku neno hili litakapowekwa mezani mbele ya wajumbe wetu, twataka matawi yawe yamekwisha kulifikiri, maana likija litakuja limevaa nguo safi.

Twasema wazi kwamba neno lenyewe si baya. Moshi kabla haujafika juu ya bomba umekwisha kupita puani mwetu. Majirani huupata upepo ukigeuka. Sisi twaupata zamu nzima, kisha twaupeleka nyumbani katika nguo zetu na watoto wanatukumbatia nao. Kwa hiyo mwajiri anayepunguza uchafu kwa kweli anatutendea wema, na hatuoni kijicho akipewa tuzo. Tena sheria yetu ilikwisha kulifikiri jambo hilo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 57, imefungua njia ya kumpunguzia kodi mwenye kiwanda anayenunua mitambo ya kuzuia uchafu. Hapo hatuna ugomvi, kwa sababu kinachopungua ni fedha za kodi, na macho ya Serikali yanabaki pale pale. Shauri linaanza pale kinacholegezwa kinapokuwa ni ukaguzi wenyewe.

Wenzetu wa Marekani wamekwisha kulijaribu shauri hili, na yafaa tujue lilikwendaje. Mwaka 1995 serikali ya Rais Clinton ilianzisha mpango ulioitwa Project XL. Kiwanda kilikuja kwa EPA, yaani idara ya serikali inayolinda mazingira, kikasema: nipeni nafasi nifanye kwa njia yangu, nami nitawapa usafi zaidi ya ule wa sheria. Mmoja wa wa kwanza kutia sahihi ulikuwa Intel, mwaka 1996, kwa kiwanda chao cha Chandler katika jimbo la Arizona. Badala ya kuomba kibali kipya kila mara walipobadili kazi ndani, waliwekewa kikomo kimoja cha moshi kwa kiwanda kizima, wakawa huru kubadili watakavyo mradi wasikipite. Kwa mwenye kiwanda hii ni faida kubwa, kwa kuwa kazi ile hubadilika upesi, na kungoja kibali ni kupoteza soko. Lakini fikiri, ndugu, maana ya kikomo cha kiwanda kizima. Chumba kimoja kinaweza kusafishwa na kingine kikazidi kuchafuka, na hesabu ya jumla ikatoka nzuri. Mtu anayefanya kazi katika chumba kile cha pili havuti hesabu ya jumla.

Mwaka 2000 EPA ilianza mpango mwingine mkubwa zaidi, jina lake Performance Track, ambao baadaye ulikusanya viwanda zaidi ya 500. Masharti yalikuwa kiwanda kiwe na utaratibu wake wa kuangalia mazingira, kiwe na historia njema mbele ya sheria, kitoe ahadi za kupunguza uchafu, kiwaarifu majirani, na kiandike ripoti yake chenyewe kila mwaka. Sahihi ya chama cha wafanya kazi haikuwa katika masharti hayo. Malipo yake yalikuwa kwamba kiwanda hicho kiliwekwa nyuma katika orodha ya wale wa kutembelewa na wakaguzi, kikaandika ripoti chache, na tangu mwaka 2004 kiliruhusiwa kuweka taka za sumu ndani ya ua wake kwa siku 180 badala ya siku 90.

Tusimame kidogo hapo kwenye siku 90 na siku 180. Katika ofisi hili ni jambo la karatasi tu. Gari la taka litaitwa mara mbili kwa mwaka badala ya mara nne, na gharama ya uchukuzi inapungua. Lakini mahali pa kazi maana yake ni kwamba pipa la sumu litakaa karibu na mtu muda maradufu. Litapigwa jua muda maradufu, litagongwa na mikokoteni muda maradufu, na likivuja, atakayelikuta ni mfanya kazi wa zamu ya usiku. Yeye hakuulizwa. Kiwanda kiliahidi kuwapunguzia majirani uchafu, kikalipwa kwa kuruhusiwa kuuweka zaidi karibu na wafanya kazi wake. Hatusemi kila kiwanda kilifanya hivyo kwa ubaya. Twasema mapatano yakiandikwa na watu wawili, yule wa tatu asiyekuwapo ndiye atakayebeba kilichobaki.

Je, zile ahadi zilitimizwa? Mwaka 2007 mkaguzi mkuu wa EPA yenyewe alichagua viwanda 30 miongoni mwa wanachama wa mpango akavichunguza. Viwili tu ndivyo vilivyokuwa vimetimiza ahadi zao zote. Ni haki kusema pia ya kwamba kwa wastani wanachama walikuwa wazuri kuliko viwanda vingine vya kazi kama zao. Lakini wastani ni kama kile kikomo cha kiwanda kizima, unaficha wabaya nyuma ya migongo ya wazuri, na bendera ile ile ilipepea langoni mwa wote. Desemba 2008 gazeti la Philadelphia Inquirer liliuanika mpango huo hadharani, na mwaka 2009 Lisa Jackson, mkuu mpya wa EPA, akaufuta.

Wengine watasema basi mambo ya hiari yote ni ulaghai. Hatukubali. Huko Japani, mwaka 1964, mji wa Yokohama ulifanya mapatano na kampuni iliyotaka kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe pale Isogo. Mji haukuwa na nguvu ya sheria ya kuilazimisha kampuni, lakini ulikuwa na neno juu ya ardhi, ukalitumia. Kampuni ikakubali masharti makali kuliko ya sheria ya wakati ule, na miji mingine ya Japani ikafuata mfano huo. Angalieni tofauti. Pale mapatano yaliwekwa juu ya sheria, na sheria haikuondolewa hata neno moja. Kule Marekani mapatano yalinunuliwa kwa kipande cha sheria. Mwajiri akija na mapatano ya namna ya Yokohama, tutampokea kwa mikono miwili.

Sasa turudi kwetu. Hapa Kenya hatuwezi kusema ya kwamba taabu yetu ni wakaguzi kuzidi. Sote twaijua habari ya Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi kilianza kazi kando ya nyumba za watu mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014. Katika miaka hiyo sumu ya risasi iliingia katika damu ya wafanya kazi na ya watoto. Aliyepiga kelele, Bi Phyllis Omido, alikuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho hicho, na mtoto wake mwenyewe alikutwa na risasi mwilini. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa amri ile ya malipo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. NEMA, ambayo kazi yake ndiyo kulinda, ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na kosa. Mahali ambapo jicho la Serikali lilisinzia namna hiyo, mtu akituambia lifumbwe zaidi kidogo kwa ajili ya kiwanda chema, ni lazima tumwulize wema huo umepimwa na nani.

Wako wenzetu wanaonong'ona: tukiyasema haya mwajiri atafunga, nasi tutakosa mkate. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kila mmoja wetu ana karo ya kulipa. Lakini kule Owino Uhuru kiwanda kilifungwa vilevile, kazi zikaisha, na sumu ikabaki ardhini. Waliokaa kimya hawakuzidishiwa hata siku moja ya mshahara kwa kimya chao.

Kwa hiyo msimamo wa chama ni huu. Kama ni kupunguza karatasi, zipunguzwe. Hakuna mfanya kazi aliyepona kwa sababu fomu moja ilijazwa mara tatu. Lakini kuja kwa mkaguzi bila taarifa kusiguswe, na muda wa kuweka sumu uani usiongezwe hata siku moja. (Akija kwa taarifa tunajua kinachotokea. Sakafu huoshwa, rangi mpya hupakwa, na tunagawiwa barakoa ambazo kesho yake hurudishwa stoo.) Na hesabu za moshi, maji na taka zisiwe za ofisi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wana viti vyao humo. Hesabu zije mbele ya kamati hiyo kila inapokutana, zikiandikwa chumba kwa chumba, na wajumbe wetu wawe na haki ya kukataa kuzitia sahihi. Pamoja nazo yaje matokeo ya kupimwa afya, kwa jumla na bila majina, maana mizani ya hewa inaweza kuharibika lakini damu ya watu inasema iliyoyapata.

Ahadi ya hiari isiyo na mahali pa kudaiwa ni maneno tu. Sisi tunapo mahali. Mapatano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, yakisha kuandikishwa katika Mahakama ya Kazi, yana nguvu ya sheria. Mwajiri anayetaka kusifiwa kwa usafi wake na aiandike ahadi hiyo humo, kando ya mishahara na likizo, ili akiivunja tujue mlango wa kubisha.

Twaomba kila tawi lifanye mambo haya kabla ya mazungumzo yajayo ya mapatano. Ulizeni kama kamati ya usalama ipo na ilikutana lini mara ya mwisho. Ombeni kuona ripoti ya ukaguzi wa mazingira ambayo kampuni hupeleka NEMA, na mkinyimwa, andikeni jina la aliyewanyima na siku. Hesabuni mapipa yaliyoko uani na mwandike yamekaa tangu lini. Majibu yaletwe kwa Katibu katika ofisi kuu, hata kama ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono.