Mama Ajue Hesabu ya Pamba Yake

Msimu wa pamba ufikapo, mikokoteni ya ng'ombe huelekea kwenye maghala ya vyama vya msingi huko Nassa, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Pamba hiyo ni jasho la nyumba nzima. Mama alilima, akapalilia, akachuma, kisha akatenga safi na chafu. Lakini mzigo ufikapo mizanini, mara nyingi mama huachwa nyuma. Hajui kilo zilizopimwa, wala bei, wala makato ya mbegu na dawa zilizochukuliwa kwa mkopo. Huletewa khanga na sukari, akatakiwa ashukuru.

Sisi hatuoni haki katika desturi hiyo, wala hatuoni faida yake kwa mume mwenyewe.

Wako wasemao kwamba mke akijua fedha zilipo atazitapanya. Hoja hiyo haina uzito. Mama huyo huyo ndiye apimaye chakula cha ghalani kitoshe hadi mavuno mengine. Awezaye kugawa gunia la mtama kwa miezi hashindwi kugawa shilingi.

Tena kifo hakipigi hodi. Siku hizi malipo hupitia benki na simu. Mume akifariki ghafla, mjane asiyejua akaunti iliko, nani anadai na nani anadaiwa, atalindaje haki ya watoto wake?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali. Tena hukataza mmoja wao kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Lakini ridhaa ya mtu asiyejua hesabu ni alama ya dole gumba tu.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hata hivyo, Bi. Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwani ilionekana kuwa alikwisha kuzitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara. Hapa pana funzo kwa pande zote mbili: haki na wajibu wa hesabu huandamana.

Kwa hiyo, twawasihi akina baba waende mizanini pamoja na wake zao, na stakabadhi ziwekwe mahali wote wawili wanapopajua. Akina mama nao wasifiche wapatacho katika dagaa na vikundi vya kuweka na kukopa. Kila nyumba na iwe na daftari moja, lisomwe na wote wawili. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.