Ngoma ya watoto haikeshi, lakini sharti ichezwe

Kila likizo inapokaribia, kilio huku pwani huwa ni kile kile: disko zinawapotosha wanafunzi. Machifu hutoa onyo, walimu wakuu huunga mkono, na wazazi hutikisa vichwa. Hasira yao hasa ni juu ya disko matanga, yaani muziki unaopigwa usiku kucha penye msiba ili kuchangisha fedha za mazishi. Sina nia ya kuitetea desturi hiyo. Mtoto wa shule hana lake saa tisa za usiku miongoni mwa walevi. Hata hivyo, marufuku ni nusu tu ya jibu, nami namwomba msomaji anivumilie niieleze nusu ya pili.

Ujana wangu niliupitisha Mokowe, upande wa bara wa Lamu, katika miaka ya 1990. Mokowe ndipo barabara itokayo Mombasa inapokomea na safari ya mashua kuelekea kisiwani inapoanza. Aliyechelewa chombo cha jioni hulala hapo hadi asubuhi. Kwa ajili hiyo, Jumamosi usiku ukumbi wetu mdogo wa mabati ulijaa watu wa kila namna: wavuvi wa Kibajuni, vijana wa Kiamu waliovuka maji, Wapokomo, Wagiriama, watoto wa wakulima wa Mpeketoni, na utingo wa malori waliokuja na kanda mpya kutoka Mombasa. Jenereta ilinguruma uani, na spika mbili zilitosha kuutikisa mtaa mzima.

Tulicheza Pepe Kalle na Kanda Bongo Man, tukiimba Kilingala tusichokielewa hata neno moja. Ilipowekwa kanda ya Juma Bhalo, mwendo ulipungua na watu wazima wakasogea karibu wayasikilize maneno, ambayo mengi yalitungwa na Ahmad Nassir, yule yule ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, walimu wa ushairi waijua vyema. Mwishoni mwa mwongo huo wakaja Kalamashaka kutoka Dandora na wimbo wao "Tafsiri Hii". Sisi tuliojidai kuwa ndio wenyewe wa Kiswahili tukajikuta tunamwuliza utingo wa Nairobi atufasirie Kiswahili!

Nathubutu kusema kwamba somo langu la kwanza la isimu nililipata katika ukumbi ule. Darasani, neno "kuteza" lilipigwa mstari mwekundu na juu yake likaandikwa "kucheza", kwa kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Ukumbini mmoja aliteza, mwingine alicheza, na wote walitoka jasho lile lile. Ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini mwenzangu asema "kitwa" pale ambapo kitabu chasema "kichwa", na "ndia" pale ambapo kitabu chasema "njia". Majibu niliyakuta chuo kikuu miaka mingi baadaye, lakini maswali nilikwenda nayo kutoka Mokowe.

Lakini disko ile ilikuwa na jambo jingine, nalo ndilo kiini cha makala haya. Ilikuwa na walezi. Mlangoni aliketi mzee aliyewajua baba zetu kwa majina. Aliyenukia pombe alirudishwa bila mjadala. Kando yake alikuwapo mama muuza viazi karai, ambaye jicho lake halikupitwa na kitu. Wasichana walikuwa wachache, na waliokuja walikuja na kaka zao. Wengi walikuwa na vugo na lelemama zao arusini, ambako nako bibi na mashangazi walikuwa macho. Ilipogonga saa sita, jenereta ilizimwa, na kila mmoja akashika njia ya kwao.

Wahenga walisema kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Tumezoea kuitumia methali hiyo kudharau jambo lisilodumu. Lakini tuitazame vizuri: methali yenyewe imekubali kwamba watoto wana ngoma yao. Inachosema ni kwamba haifiki alfajiri, kwa kuwa wakubwa wapo na wataifunga kwa wakati wake.

Wala mambo haya si mapya. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza jinsi ngoma ya beni ilivyozuka katika miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa, kisha ikaenea Tanganyika na kwingineko. Jina lake lilitoka kwa neno la Kiingereza la bendi, na vijana waliigiza gwaride na sare za wakoloni. Watawala waliitilia shaka, lakini haikufa kwa kutiliwa shaka. Leo tunaisoma kama sehemu ya historia yetu.

Vijana wa Lamu wa leo wamepata nini? Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, serikali ilipiga marufuku kutoka nje usiku. Mwaka 2017 ikaja amri nyingine kama hiyo. Kisha, kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021, korona ikaifungia nchi nzima milango jioni. Sibishi kwamba usalama ulidai hatua hizo. Nasema tu kwamba kizazi kizima kimekua kikiujua usiku kuwa ni kitu cha askari. Muziki umehamia kwenye simu na masikio ya mtu mmoja mmoja. Na kijana anapotamani kucheza na wenzake, mara nyingi pahali pa pekee panapomkaribisha ni pale pasipo na mzee mlangoni.

Enyi walimu wenzangu, kumbi za shule hukaa tupu Jumamosi jioni. Kwa nini zisifunguliwe mara moja kwa mwezi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, walimu wawili na wazazi wawili wakiwa mlangoni? Wanafunzi wachague muziki wao. Pale ambapo jamii haitaki disko, pawe na taarabu, vugo au kasida. Jumatatu, mwalimu wa Kiswahili aulize: maneno ya wimbo ule yametoka lugha gani, na mwenzako wa Pate au wa Witu angeyasemaje? Nina hakika darasa hilo halitasinzia.

Nanyi wanafunzi, mkifunguliwa mlango huo, utunzeni. Njooni kwa wakati, na jenereta ikizimwa nendeni nyumbani. Kijana asiyekubali ngoma yake ifungwe huwapa wakubwa sababu ya kutoifungua tena.