Picha Iko Ukutani, Hati Iko Wapi?

Desemba 1884 watu waliotumwa na Luteni Émile Storms walimuua Lusinga, chifu wa Watabwa, wakamkata kichwa na kukichoma moto kijiji chake. Storms alikuwa Mbelgiji aliyekaa kwanza Karema, upande wetu wa Ziwa Tanganyika, kabla ya kuvuka na kujenga ngome Mpala. Katika nyara za siku ile ilikuwamo sanamu ya mhenga, imechongwa kwa ustadi ambao wataalamu wa sanaa za Afrika wanauzungumzia hadi leo. Sanamu iko Tervuren, Ubelgiji. Tunajua ilichukuliwa mwezi gani, na nani, na baadaye ikapita mikono ipi, kwa sababu Storms alikuwa mtu wa kuandika. Jina la fundi aliyeichonga halimo popote.

Sikukileta kisa hiki ili tulie juu ya ukoloni. Wapo wanaolia vizuri kuliko mimi. Nimekileta kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mahakama na kampuni za bima zinalijua siku nyingi: kitu kikipotea, anayesikilizwa ni mwenye maandishi. Mporaji aliandika. Mchongaji hakuandika, wala aliyemchongea.

Toleo hili linahusu kinga ya sheria na bima kwa watu wa sanaa za ufundi na kwa wale wanaonunua na kuhifadhi kazi zao. Tulipoanza kulipanga hapa Buzebazeba, Kigoma, kauli zilizotupokea zilikuwa zilezile: sheria hatuna, bima ni ya wenye magari, na kazi ya sanaa ikiungua imeungua. Hiyo ya mwisho ina chembe ya ukweli. Ya kwanza si kweli hata kidogo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Mchoraji hahitaji kwenda ofisi yoyote ili apate haki juu ya picha yake. Haki inazaliwa pamoja na kazi. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunampa ushahidi, na ushahidi huo una uzito siku ya ugomvi, lakini asiyesajili hajaipoteza haki. Haki ya kunufaika na kazi hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, kwa hiyo kwa hesabu ya sheria hiyo muda wa picha zake mwenyewe ulikwisha pamoja na mwaka 2022. Mtindo wake, kwa upande mwingine, haukuwahi kuwa na mwenyewe kisheria. Sheria hulinda picha iliyochorwa, si namna ya kuchora, na mimi naona ni heri ilivyo, maana familia nyingi zimekula kwa chui na ndege wale, kuanzia Morogoro Stores kule Dar es Salaam hadi vichochoro vya Unguja.

Linalowachanganya wengi ni tofauti kati ya kumiliki picha na kumiliki hakimiliki ya picha. Chukua mfano wa mwenye nyumba ya wageni aliyenunua picha ya meli ya MV Liemba na kuitundika mapokezi. Picha ni yake. Anaweza kuiuza, kumrithisha mwanawe au kuihamishia chumbani. Lakini akiipiga picha kwa simu na kuichapa kwenye kalenda na fulana za kuuzia wageni bila ruhusa ya mchoraji, amevunja sheria, na stakabadhi ya manunuzi haimwokoi. Mchoraji naye hawezi kurudi mwaka wa tatu, baada ya jina lake kukua, akadai nyongeza kwa sababu picha sasa ina thamani zaidi. Wenzetu wa Kenya wameingiza katika sheria yao, tangu 2019, haki ya msanii kupata sehemu ya bei kazi yake inapouzwa tena. Ni jambo la kulitazama kwa makini. Lakini hata wao hawawezi kumlipa msanii ambaye jina lake halionekani kwenye kazi.

Upande wa wanunuzi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu wao huamini kwamba fedha waliyolipa inamaliza kila kitu. Haimalizi. Mwizi hana miliki ya kumpa mwenzake, hata mwenzake awe amenunua kwa nia njema na kwa bei kubwa. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yaliibiwa vitu kadhaa, kimojawapo kinyago cha Wamakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Ilichukua hadi 2010, na mazungumzo marefu yaliyosimamiwa na baraza la kimataifa la makumbusho, kikarudi nyumbani. Kilirudi kwa sababu kilikuwa kimeorodheshwa. Kingekuwa hakina kumbukumbu, Dar es Salaam ingedai nini, na kwa hoja gani?

Wamijikenda wa pwani ya Kenya wana kisa kinachofundisha zaidi, maana wao hawakuwa hata na makumbusho. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili, yaani nguzo za ukumbusho wa marehemu, vilivyosimikwa kwa ajili ya ndugu zake. Haukupita muda, vigango vikaibiwa. Kimoja kilikuja kuonekana kwenye makumbusho ya Illinois, Marekani, kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Vigango vilivyoibiwa ni vingi sana, na sehemu kubwa havijarudi. Hivi viwili vilikuwa na picha.

Hili linatugusa sisi wa mwambao wa Tanganyika moja kwa moja. Maboti yanaingia kutoka Kalemie na Uvira, na si dagaa na vitenge peke yake vinavyosafiri. Mtu akikuletea sanamu ya kale ya Wabembe au Watabwa na kukuambia ni ya babu yake, muulize maandishi. Kongo na Tanzania zote zimeridhia mkataba wa UNESCO wa 1970 unaopinga biashara haramu ya mali za utamaduni, Kongo mwaka 1974 na sisi 1977. Kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vya kale vinavyohamishika, zikiwamo hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Mwenye nyumba kongwe ya Ujiji anayefikiria kumuuzia mtalii mlango wa babu yake, afike kwanza idara ya mambo ya kale.

Sasa bima. Hapa ndipo wasanii wetu wanapoumia kimya kimya, na wanaumia zaidi kwenye mali kauli. Msanii wa Kigoma hana soko kubwa nyumbani. Anapakia vinyago kumi kwenye treni, vinafika Dar es Salaam, vinawekwa kwenye duka la mtu au ukumbi wa hoteli, kwa makubaliano ya mdomo kwamba kikiuzwa tutagawana. Duka likiungua, mwenye duka anafungua madai kwa kampuni yake ya bima. Je, vinyago vimo? Bima yake inataja mali yake, na vinyago si mali yake. Kama mkataba wake wa bima hausemi kwamba unabeba pia mali za watu anazozishikilia, msanii hana chochote, na mara nyingi hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba vinyago viliwahi kuwamo dukani. Sentensi moja kwenye karatasi ya mapokezi, kwamba mwenye duka amepokea vinyago kumi, kila kimoja kwa bei hii, na vikiwa mikononi mwake hasara ni yake, ingebadilisha kila kitu. Angetafuta bima mwenyewe bila kusukumwa.

Mnunuzi naye ana mtego wake. Anakata bima ya moto ya nyumba na vyombo, anaandika thamani ya chini ili ada iwe nafuu, na picha zake anazihesabu kama mapambo. Tuseme vyombo vyote vina thamani ya shilingi milioni 20 naye ameandika milioni 10. Moto ukila vitu vya milioni 4, kampuni haitalipa nne. Italipa mbili, kwa sababu alikuwa amebeba nusu ya hatari mwenyewe, na kanuni hiyo imo kwenye mkataba aliousaini bila kuusoma. Kwa kazi ya sanaa dawa yake ni kukubaliana thamani na kampuni tangu siku ya kwanza, kila kazi na bei yake, ikiambatana na tathmini, stakabadhi na picha, ili siku ya msiba pasiwe na mabishano kama ile ilikuwa sanaa au ubao uliopakwa rangi.

Tena isome orodha ya yasiyobebwa. Bima hulipa tukio la ghafla. Mchwa, ukungu, jua linalofifisha rangi na mninga unaopasuka kwa kukauka ni juu yako. Mafuriko mara nyingi hayamo kwenye bima ya moto ya kawaida hadi uyaombe na kuyalipia, na wakazi wa Kibirizi na Katonga waliokwisha kuyaona maji ya ziwa yakipanda hawahitaji kuelezwa maana yake. Kampuni ikikataa dai lako nawe unaona umeonewa, ipo TIRA inayosimamia soko la bima, na ipo ofisi ya msuluhishi wa migogoro ya bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Watu wachache mno wanazitumia.

Sizilaumu kampuni za bima kwa kutokuwa na bidhaa ya sanaa hapa Kigoma. Nani angekadiria hatari ya kitu kisicho na jina, vipimo, tarehe wala bei ya mauzo? Wachora mabango wetu wamewazidi wachongaji akili: pembeni ya bango la saluni utakuta jina la mchoraji na namba yake ya simu. Geuza kinyago uangalie chini yake, mara nyingi hakuna kitu.

Kumbukumbu yenyewe haina ugumu. Piga picha kazi nzima, kisha alama zake za pekee, ufa, sahihi, kovu la patasi. Andika aina ya mti au rangi, vipimo, mwaka, jina la fundi, jina la mnunuzi na bei, na kwamba hakimiliki imebaki kwa nani. Wote wawili wasaini, kila mmoja abaki na nakala. Interpol ilitoa mwaka 2021 programu ya simu ya bure, ID-Art, inayomwezesha mtu yeyote kuweka orodha ya vitu vyake kwa utaratibu unaotambulika duniani na kukagua kama kitu anachouziwa kimeripotiwa kuibiwa.

Ombi letu kwa Manispaa ya Kigoma-Ujiji ni dogo: ofisi ya utamaduni ifungue daftari la kazi za sanaa za ufundi, mtu alete kazi yake au picha yake, iandikwe na kupigwa muhuri. Na ombi kwako msomaji: kabla hujafika ukurasa wa mwisho wa toleo hili, shusha ukutani picha moja uliyonayo, ipime, ipige picha nyuma na mbele, halafu mtafute aliyeichora akuandikie jina lake.