Mama, jana mulipika nini?

Mwezi huu kwa ukurasa wetu wa nyumba sitawapeleka mbali. Tutaingia jikoni, tukae karibu na mbabula, tuangalie nini iko ndani ya chungu. Na mimi mwenyewe nitawaambia kosa nililolifanya, maana mchungaji naye anafundishwa.

Kwetu, wamama wa kanisa wanakutana kila siku ya tatu, saa tisa ya mchana. Siku moja bibi-arusi mumoja, hata miezi mitatu ya ndoa haijatimia, alilia mbele ya wenzake. Alipika sombe, bwana yake akasukuma sahani, akasema inakwaruza koo. Wamama wakacheka kidogo, halafu wakamuhurumia. Bibi yangu akasema: “Basi, tangu leo, mbele ya kuachana, kila mama ataeleza jana mangaribi alipika nini, na alipika namna gani. Hivi wadogo watajifunza.”

Ilikuwa mambo mazuri sana. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma, ningoje kufunga kwa maombi, na mara nyingi mate ilinijaa kinywani. Munajua namna miji yetu ya migodi ilivyo: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Kipushi, watu walitoka pande zote kufuata kazi, na kila mutu alikuja na chungu cha kwao. Mama wa Kasenga alieleza samaki ya Luapula na ya ziwa Mwelu. Mama wa Kalemie alieleza mikebuka na ndakala za Tanganyika. Mama wa Kasai alionyesha namna ya kuchanganya unga wa muhindi na wa muhogo, bukari isimame bila kuwa ngumu. Mama wa upande wa Sandoa alisema kwao bukari ya muhogo mutupu ndiyo chakula, mengine ni kujaribu tu. Mama mumoja mzee alitufundisha kikanda: ile mizizi ya porini inakaushwa, inatwangwa, inachanganywa na unga wa karanga na pilipili, inapikwa mpaka inashikamana kama mkate.

Na bibi-arusi wetu alijifunza sombe. Nawaandikia na ninyi, maana si maneno ya ladha tu. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake, Mungu aliyaumba hivyo. Kutwanga vizuri ndiko kunaiachisha, na kuchemsha muda mrefu, chungu bila kifuniko, ndiko kunaitoa pamoja na moshi wa maji. Mwenye kuharakisha anaumiza watu wake. Kisha unga wa karanga, lakini karanga yenye ukungu itupwe, isichanganywe na nzuri: ukungu ule unaharibu maini. Mwisho mafuta ya ngazi. Yasiunguzwe mpaka yawe meupe, kama wengi wanavyopenda, kwa sababu ile rangi nyekundu ndiyo inayosaidia macho ya watoto.

Na muhogo muchungu wenyewe ulowekwe siku tatu ao ine, uive majini, ndipo ukaushwe na kutwangwa. Tangu mwaka 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa miguu kule Kwango, ule Wayaka wanaouita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mutoto analala muzima, anaamuka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Wanganga waligundua kama unafuata muhogo muchungu usiolowekwa vya kutosha, kwa nyumba ambazo hazipati samaki, nyama wala maharagi. Angalieni vizuri: ugonjwa huu unakuja wakati wa njaa, pale mama anakata siku za kuloweka kwa sababu watoto wanalia leo. Njaa inaharakisha mikono.

Sasa nifike kwa shida yenyewe.

Munajua kama muhindi wetu mwingi unatoka Zambia, unapita Kasumbalesa kwa makamyo. Mwaka 2024 mvua ilikatala kule, mashamba yakakauka, na katika mwezi wa pili serikali yao ikatangaza hatari ya taifa. Muhindi wa Zambia ukikauka, meka ya unga kwetu inapanda. Si mara ya kwanza, na si ya mwisho. Bei ikipanda, mutu hapunguzi maneno, anapunguza chakula.

Lakini ndani ya kikundi cha wamama nilisikia kinyume. Wakati unga ulipokuwa rahisi, walieleza matembele, lengalenga, bitoyo. Unga ulipopanda, nikaanza kusikia: “Tulipika kuku.” “Sisi nyama ya ngombe na muchele.” Mifuko ilikonda, maneno yakanenepa. Nami nilikuwa kama kipofu. Nilicheka, nikasema: “Mama wa kuku, kesho nitapita kwako!” Watu wote wakacheka pamoja nami.

Kati yao kulikuwa mama mumoja, bwana yake ni muchimbaji wa mikono. Majuma matatu mufululizo alisema kuku na muchele. Juma la tatu, siku ya Mungu, mwalimu wa watoto akaniita pembeni. Mutoto wa yule mama, wa miaka nane, alilala usingizi wakati wa somo. Mwalimu akamuamsha, akamuuliza: “Hukukula?” Mutoto akajibu bila haya, kama mutu anayesema saa: “Hapana, leo si turu yangu. Leo ni turu ya mudogo wangu.”

Wazazi wenye umri wangu wanaelewa neno hili mara moja. Katika miaka ya 1990, wakati kazi ya kampuni ilipoanguka na mishahara kukawia, watu wa miji yetu walitumia neno delestaji, lile la kukatwa kwa umeme. Leo mutaa huu unapata umeme, kesho ule. Wakalipeleka kwa chakula: leo wakubwa wanakula, kesho wadogo. Sisi tuliotoka ndani ya ile miaka tulifikiri neno limekufa. Kumbe lilikuwa linalala kwa benchi la tatu la kanisa letu.

Nilienda na bibi yangu kwa yule mama, mangaribi. Mbabula ilikuwa baridi. Alituletea viti, akasimama. Sikujua nianze namna gani, nikasema tu kama mutoto alilala darasani. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yanakaa ndani yangu:

“Pasta, mimi sikuwa mutu wa bongo. Ile siku ya kwanza nilisema kweli. Nilisema tulikula bukari na matembele, paka chumvi, mafuta hapana. Hamukusema kitu. Mwenye kunifuata akasema kuku, na ninyi mukacheka naye, mukasema mutapita kwake. Juma lililofuata nilikuwa sina hata matembele. Ningesema nini mbele ya batu bote? Na mimi nilitaka kanisa lipite kwangu.”

Wapenzi, nilitafuta jibu, nikakosa. Mimi mwenye kufundisha ukweli kila siku ya Mungu, mimi ndiye niliyelipa bongo kwa kicheko na kuacha ukweli bila mushahara. Nilisifu chungu chenye nyama, nikapita mbele ya chungu kitupu kama sikukiona. Mutume Paulo aliwakaripia Wakorinto kwa sababu walikutana kula pamoja, mumoja akabaki na njaa na mwingine akalewa. Nilihubiri maneno hayo mara nyingi, wala sikujua kama Korinto iko kwetu saa tisa ya mchana.

Usiku ule nilisoma tena habari ya mujane wa Sarepta, katika 1 Wafalme sura ya 17. Eliya alimuomba chakula. Yule mujane hakujikweza. Alieleza sawasawa nini iko nyumbani: konzi moja ya unga, mafuta kidogo, na kuni mbili za kupika chakula cha mwisho na mutoto wake. Wengi tunapenda mwisho wa habari, ule unga usioisha. Mimi usiku ule niliona mwanzo. Musaada ulipitia kwa mama aliyeweza kusema hali ya chungu chake kwa mugeni bila kuogopa kicheko. Nikajiuliza: kama Eliya angekuwa mimi, na macheko yangu, yule mujane angesema kweli?

Siku ya tatu iliyofuata niliomba kusema wa kwanza. Nikasema: “Jana kwa nyumba ya pasta tulikula bukari na lengalenga. Mafuta iliisha juma lililopita. Na juu ya kuku, niliwakosea ninyi wote, munisamehe.” Sikutaja jina la mutu. Kulikuwa kimya. Halafu mama muzee wa kikanda akasema: “Mimi jana nilikunywa chai, nikalala.” Mwingine akasema: “Sisi pia tuko na turu.” Wakatoka watano. Watano, wapenzi, katika wamama ishirini na kitu! Tulikuwa tukiimba pamoja nao.

Tangu pale tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, kila mama akija analeta kopo moja ya unga, ao ya maharagi, ao ya karanga, kadiri anavyoweza. Asiye na kitu anakuja mikono mitupu, haulizwi. Mama wawili tu wanajua nani anarudi na nini. Pili, tunapika chungu kimoja pale pale, na watoto wanakula mbele ya kwenda nyumbani. Mafundisho ya mapishi yanaendelea, lakini sasa tunajifunza kwa macho na kwa ulimi.

Sitawadanganya kama yote ilikuwa rahisi. Mama wawili walikasirika, walisema kikundi kimegeuka pahali pa kuhesabu umasikini, wakaacha kuja. Na yule mama wa kuku na muchele, yeye mwenyewe alikawia majuma mawili kwa sababu ya haya. Bibi yangu alipita kwake mara nyingi, bila kuhubiri, anachambua naye mboga tu. Juma la tatu alikuja, amebeba furushi la kitambaa. Ndani mulikuwa majani ya matembele yaliyokaushwa. Akatueleza: wakati wa mvua, pale majani ni mengi na bei ni ndogo, anayachovya kidogo katika maji moto, anayaanika kwa kivuli, si kwa jua kali, na mbali na barabara, vumbi la makamyo lisiyaguse. Kiangazi anayapika na unga wa karanga. Wamama wakaandika. Bibi-arusi wetu aliuliza maswali mengi kuliko wote. Yule mama alijibu ameinua kichwa. Turu haijaisha kabisa nyumbani mwake, maana kazi ya bwana yake leo iko, kesho haiko. Lakini mutoto halali tena darasani.

Sasa neno kwa kila mumoja.

Baba, wewe unayepokea feza siku ya posho pale kwa depo ya madini: kamundele tatu unazokula barabarani na rafiki ni mboga ya nyumba nzima. Watoto wanasikia harufu kwa shati lako. Fika nyumbani na nyama, hata kidogo, mukule pamoja.

Mama, usipime jirani kwa chungu chake. Na ukiwa huna, chagua mutu mumoja wa kumwambia kweli. Mumoja tu anatosha kwa kuanza.

Kijana, ukiona mwenzako anakatala kula mbele ya watu, ao anasema “nimeshiba” kila siku, usimucheke. Mutu anayeshiba kila siku bila kula, muulize kwa upole mukiwa wawili.

Wachungaji wenzangu, tuangalie tunacheka wapi. Watu wanaandika macho yetu kuliko mahubiri yetu.

Maswali ya kuongea nyumbani, kisha chakula:

1. Kwa nyumba yetu, nani anakula wa mwisho, na anabakiliwa na nini?

2. Mara ya mwisho tulisema bongo juu ya chakula ilikuwa lini, na tuliogopa nani?

3. Mboga gani tunaweza kukausha mwaka huu wakati wa mvua, itusaidie kiangazi?

Mutuandikie pia: jana mulipika nini? Andikeni ile iliyokuwa ndani ya chungu kweli, hata kama ilikuwa matembele na chumvi. Barua ya matembele tutaisoma wa kwanza.

Tukutane mwezi ujao. Mungu abariki meza zenu.

Pasta wenu