Kale kaneno ka mwisho si pambo

Nilipotea kidogo, nilikuwa field kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimerudi chuo salama, ila kuna jambo linanikereketa moyoni, bora niliseme.

Nilipewa Kiingereza kidato cha pili. Siku moja kwenye zoezi binti mmoja akaandika: "Old people must be looked after." Nikashika kalamu nyekundu, nikafuta "after", nikamnyima maksi. Akanifuata mezani na daftari lake. "Samahani mwalimu, mbona umefuta?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba sentensi ya Kiingereza haiishii na neno kama hilo. Akasema ahsante mwalimu, akarudi kukaa.

Jamani, binti alikuwa amepata! Aliyekosa ni mimi. "Look" peke yake ni kutazama, "look after" ni kutunza. Ukifuta "after" pale, sentensi imekufa.

Kwa nini nilikosea? Kwa sababu hizi phrasal verbs nilizikariri kama orodha ya bei sokoni: "give up" kukata tamaa, "put off" kuahirisha, basi. Sikuwahi kuonyeshwa zinavyokaa zikitanguliwa na "must", "can" au "should", wala zinavyogeuka kuwa vivumishi.

Wakati mfano tunao nyumbani. Tunasema kupiga pasi, kupiga deki, kupiga mswaki. Nani anapigwa hapo? Hakuna. Sasa sema "shati lazima lipigwe pasi", halafu futa "pasi". Shati linakula kichapo! "Must be looked after" ni mchezo ule ule. Kitenzi kikibadilika umbo, mwenzake anabaki naye.

Kwenye vivumishi pia. "I am fed" maana yake nimelishwa. "I am fed up" maana yake nimechoshwa, yamenifika hapa. Kaneno kamoja tu, na umetoka kwenye shibe mpaka kwenye hasira. Viatu vilivyochakaa ni "worn-out shoes", na hiyo "out" haing'oki.

Yanayobaki si mengi. Baada ya "should" kitenzi kinakaa kitupu: "she should give up", siyo "should to give up" wala "should gives up". Tena "you can put it off" ni sawa, "put off it" si sawa. Ila "look after" haikubali kupasuliwa katikati, ni "look after them".

Maoni yangu ni haya: sisi walimu watarajiwa tuache kugawa orodha. Tufundishe sentensi nzima, na tuanzie kwenye Kiswahili ambacho mtoto anakijua tayari.

Wapo watakaosema ni maksi moja tu, nisijisumbue. Lakini yule binti anasoma karibu masomo yote kwa Kiingereza, na aliacha lililo sahihi akashika kosa kwa sababu aliniamini. Nimempigia mwalimu wa somo pale shuleni, nimemwomba amrudishie maksi yake na aliambie darasa zima kwamba mimi ndiye niliyekosea. Aibu nimeona, ila bora nusu yangu.

Nyie wenzangu mliokuwa field, mlifuta nini?