MAMA NA MTOTO: Nani Atabaki na Watoto?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi wa huku kwetu ziwani. Jambo hilo ni ulezi wa watoto wadogo wakati wazazi wako kazini.

Chukua mfano wa mama anayefanya biashara ya dagaa. Ana watoto wawili. Mkubwa ana miaka 4. Mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mitumbwi yao hurudi asubuhi. Kwa hiyo mama huyu huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Huenda mwaloni kununua dagaa, kisha huwaanika na kuwageuza juani. Hurudi nyumbani alasiri. Je, watoto wake watabaki na nani?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Bibi alikuwepo na shangazi alikuwepo. Siku hizi familia nyingi zimehamia mialoni na mjini Mwanza peke yao. Bibi amebaki Kwimba, Magu au Ukerewe. Wazazi wengine humwachia mtoto wao wa miaka 8 awalee wadogo zake. Njia hiyo si nzuri. Mtoto huyo hukosa shule, na akili yake bado ni ya mchezo. Basi zinabaki njia mbili: kuajiri yaya, au kuwapeleka watoto kwenye kituo cha kulelea watoto mchana.

YAYA

Yaya ana faida zake. Watoto hubaki nyumbani kwao. Hulala kitandani kwao. Mtoto akiwa na homa, haambiwi arudishwe. Tena yaya anayelala nyumbani yupo hata saa za alfajiri, wakati vituo vimefungwa.

Lakini tujiulize, yaya ni nani? Mara nyingi ni binti aliyeletwa kutoka kijijini. Pengine yeye mwenyewe ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kuwa mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Pia inakataza mtoto kufanya kazi ya ajira usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kwa hiyo ukimwachia binti wa miaka 13 nyumba yako saa 10 za usiku, umevunja sheria. Tena umewaacha watoto watatu peke yao, siyo wawili.

Jambo la pili ni wingi wa kazi. Yaya huyo huyo hupika, hufua, hufagia na huchota maji. Mkono mmoja haulei mwana, sembuse mkono ulioshika ndoo!

KITUO

Kituo nacho kina faida. Mtoto hucheza na wenzake, huimba, na hujifunza kusema na kusikiliza. Walezi ni zaidi ya mmoja, na majirani wanaona kinachofanyika. Vituo si jambo geni nchini kwetu. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Baadaye mambo hayo yaliingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kituo kinatakiwa kuwa na kibali. Ukiwa na mashaka, muulize Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako.

Kabla hujampeleka mtoto, nenda ukaone kwa macho yako. Nenda saa ambayo hukutarajiwa. Tazama mambo haya:

1. Watoto ni wangapi, na walezi ni wangapi?
2. Je, kuna uzio na mlango unaofungwa?
3. Choo ni kisafi? Maji ya kunywa yamechemshwa?
4. Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni?
5. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa kuingia?

Kituo kina upungufu pia. Mtoto mmoja akipata mafua au kuhara, wengine hufuata. Tena vituo vingi hufunguliwa jua likiwa limekwisha kuchomoza, wakati mama wa mwaloni amekwisha kuondoka.

TUFANYE HESABU

Chukua daftari na kalamu. Tuseme kituo kinatoza shilingi 30,000 kwa mwezi kwa kila mtoto. Watoto 2 ni shilingi 60,000. Tuseme yaya analipwa shilingi 100,000. Namba hizi ni za mfano tu. Andika za kwako.

Ukiishia hapo, utasema kituo ni nafuu. Lakini ongeza uji wa kubeba, sabuni, na malipo ya jirani anayekaa na watoto mpaka kituo kifunguliwe. Kwa yaya nako ongeza chakula, sabuni na matibabu yake. Tena yaya ni mfanyakazi. Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa majumbani, na hupaswi kumlipa chini ya hapo.

Kumbuka pia mwezi wa angani. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi sana na kipato cha mama hupungua, lakini kituo na yaya hulipwa vile vile. Weka akiba siku za giza.

ZIWA HALINGOJI

Ndugu msomaji, liko jambo moja kubwa kuliko fedha. Nyumba zetu ziko karibu na maji. Mtoto wa miaka 2 anaweza kufika ziwani wakati mlezi anakoroga uji. Mtoto mdogo anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hata ndoo ya maji au kisima kisichofunikwa kinaweza kumwua. Na asipozama, maji ya kando ya ziwa yana kichocho.

Wenzetu wa Bangladesh wana mito na madimbwi mengi, na watoto wengi walikuwa wakizama asubuhi wakati mama zao wana kazi. Vijiji vikaanzisha vituo. Mwanamke wa kijiji hukaa na watoto wadogo kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Vifo vya kuzama vya watoto wanaokwenda vituoni vikapungua sana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo na kushauri nchi ziwe na malezi ya mchana kwa watoto walio chini ya miaka 6, ili wasizame.

USHAURI WETU

Usiulize tu, "Yaya au kituo?" Uliza kwanza, "Ni saa gani watoto wangu hawana jicho la mtu mzima?" Hiyo ndiyo saa ya kuziba.

Mtoto wa miaka 4 aende kituoni. Akifikia umri wa darasa la awali, aandikishwe shule ya msingi. Tangu mwaka 2016 serikali haitozi ada kwa darasa hilo.

Mdogo naye aende, ikiwa walezi wanatosha na kituo kiko karibu umnyonyeshe. Kama sivyo, abaki na yaya aliye mtu mzima. Mwambie yaya wazi kwamba kazi yake ya kwanza ni mtoto. Vyombo na nguo vitasubiri. Asiende naye ziwani kuchota maji.

Saa za alfajiri ni za baba, ikiwa yeye hakwenda kuvua. Baba kukaa na wanawe si aibu.

Na kama kijijini kwenu hakuna kituo, akina mama wa mwalo mmoja mnaweza kukutana. Zungumzeni na mwenyekiti wa kijiji na Afisa Maendeleo ya Jamii juu ya kuanzisha kituo chenu, chenye uzio na walezi mnaowaamini.

Dagaa wakiharibika leo, kesho watavuliwa wengine. Mtoto akizama hapatikani mwingine.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu, watoto wadogo hubaki na nani wazazi wakienda kazini?
2. Ni mahali gani karibu na nyumba yako mtoto anaweza kuzama?
3. Mnaweza kufanya nini pamoja mwezi huu?